Kofia Iliyorudi

Mama, mzaliwa wa Wete, hukosea kwa kusudi.
"Sufi yako," husema, "imeanguka jikoni,"
na miye hujibu: sufu, Mama, sufu.
Sufi hushuka mtini, haina harufu.
Hii imetoka mgongoni mwa kondoo wa Humaidi,
bado inanuka mvua ya mlimani na mafuta na mavi.
Yeye hucheka. "Basi kila mmoja na mto wake."

Naichambua usiku, miiba kwanza,
kisha vumbi, kisha vile vifundo vya shingoni
visivyosikia chanuo wala dua.
Naitandaza juu ya mkeka: tabaka la kwenda kaskazini,
tabaka la kwenda mashariki, tena kaskazini,
nyembamba, hata pumzi huiondoa.
Maji ya moto. Sabuni ya zeituni. Viganja.
Nasugua, nakunja, naviringisha,
mara mia huku, mara mia kule,
mpaka nyuzi zisizojuana zishikane
na sindano haikupita hapo.
Kinachoanza kikubwa kama sinia
kinaishia kichwani.

Watu wa Nizwa walinicheka, si kidogo.
Kofia ya sufu! Katika mji ambao Juni
hata paka hutembea kwa ncha za kucha!
Lakini Nizwa ina mlima juu yake,
na mlimani Januari maji ya falaji hushika ganda,
na wapo walinzi, wapo madereva, wapo wazungu wa mahema.
Kila Ijumaa, mbuzi wakishamaliza kunadiwa,
napanga meza: kofia, vifuko vya simu, maua ya kubania mtandio,
ubavuni mwa makomamanga ya Bi Ghaliya
ambaye maganda hunipa bure, nichemshie rangi ya manjano,
ila tunda, hata moja, hajawahi.

Mudriki, dereva wa gari la maji, alichukua ya kijivu.
Riali nane, nikamwachia saba na nusu.
Nikamwambia: maji baridi. Nikarudia: baridi.
Wiki ya tatu karudi na mfuko.
Mashine imefanya kwa saa moja
kazi ninayoibembeleza siku mbili:
kofia imejikunja ikawa ngumi,
haivaliki hata gotini.
"Nani kaifua?"
"Mke wangu."
"Kwa moto?"
"Kwa mapenzi."
Soko zima likasikia. Nikamrudishia nusu,
nikabaki na kile kikombe cha kijivu,
nikalivika birika langu,
na chai, nisiseme uongo, ikakaa moto hadi adhuhuri.

Mjerumani mmoja akakipenda. Nikauza riali mbili.

Ijumaa iliyopita, Mudriki tena. Anasimama upande,
anashika hiki, anaweka kile.
Anaitaka ile. Ile ndogo.
Nikamwambia imeshakwenda, iko Ulaya juu ya birika.
Akatazama viatu vyake.
Akasema nyumba yao huko juu ina baridi,
na mwezi wa kumi na mbili, inshallah,
wamengoja miaka tisa.

Tazama sasa mtihani: kosa lile
sijui kulifanya tena kwa makusudi.
Sufu ikikazwa mno hukwaruza,
ikiachwa hulegea ikamfunika macho,
na utosi wa mtoto mchanga bado unapumua.
Nikamuuliza, kichwa chenyewe kitakuwa kiasi gani?
Kana kwamba baba anajua.
Akageuka, akachukua komamanga la Bi Ghaliya,
kubwa, na taji lake,
akaliweka katikati ya kofia zangu.
"Hivi."

"Baisa mia tatu," akasema Bi Ghaliya.
Halafu akalitazama, akatutazama sisi.
Halafu akalirudisha chunguni mwake,
akapekua, akapekua, akanipa jingine.
"Lile kubwa mno. Anza na hili."